Nikifika Hapo, Ucheke

Mfaranyaki, Songea
14 Juni 2021

Kwako Alfani,

Nasikia huko mahabusu mnapikiwa maharage kila siku na umeanza kunenepa. Hiyo ndiyo tabia ya Wayao, mnashibia popote, hata penye kufuli. Babu zangu waliwafukuza babu zenu mpaka ng'ambo ya Ruvuma, kisha wakasahau kufunga mlango, ndiyo maana mkarudi kutuuzia korosho zenye wadudu.

Usishtuke. Ni mimi Skolastika, mke wa Kajetani. Najua umekaa humo mwaka na zaidi bila kuona hata herufi yangu. Nilikuwa na nguo nyeusi mwilini na sikuwa na neno la kumwambia mtu yeyote. Mwezi uliopita tumemsomea misa, nguo nimevua, na ulimi umeanza kurudi mahali pake.

Nilikuja getini nikuone. Askari akaniambia corona imerudi, ndugu hawaingii, na barua zinasomwa kwanza kabla hamjapewa. Basi na huyo anayesoma namsalimu.

Nimekuandikia kwa sababu ya kesi. Kikao cha mauaji cha Mahakama Kuu, kile kilichoahirishwa mwaka jana ugonjwa ulipoingia, kikaahirishwa tena, sasa kinafunguliwa mwezi wa nane na jina lako limo. Wameanza kujiandaa. Mabenchi wamepunguza, mlangoni wameweka ndoo ya maji na sabuni, na hakuna atakayeingia bila barakoa, hata jaji mwenyewe. Wazee wa baraza nao wameitwa kuonyeshwa namna ya kukaa kwa kuachiana nafasi. Unawajua, ni wale raia watatu wanaokaa na jaji, wanasikiliza kesi yote, halafu wanamwambia wao wanaonaje. Mama Aurelia wa jumuiya yetu ni mmoja wao, ndiye aliyenisimulia.

Na mimi nimeletewa samansi. Nitakuwa shahidi wa upande wa serikali.

Jaji ni mgeni, hajui mambo ya huku kwetu. Kwa hiyo nimeona tujiandae. Niandikie unakumbuka nini juu ya siku ile. Andika kama tulivyozoea kuongea uani, usiniandikie kama unaandikia polisi.

Mke wa Kajetani,
Skolastika


Mahabusu, Songea
22 Juni 2021

Kwa shemeji yangu, Mngoni mla panya,

Alhamdulillah. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mwaka mzima nilikuwa najiuliza kama unanichukia, na sikuwa na wa kumuuliza. Nilipofika pale pa kufuli nikacheka kwa sauti, na wenzangu wakadhani nimepata dhamana, wakati kesi ya mauaji haina dhamana.

Afande Saimon ndiye anayesoma barua zetu. Ni mtu wa mbali, si wa huku. Alinikabidhi kwa huruma, akauliza, "Huyu mama ni nani yako? Mbona anawatukana mpaka babu zako?" Nikamwambia ni mtani wangu, yeye Mngoni, mimi Myao, asiponitukana ndipo nitakuwa na wasiwasi. Akatikisa kichwa. Akasema kwao tusi ni tusi.

Umeniuliza juu ya siku ile. Kajetani alikuwa amebanwa kifua, na mji mzima ulikuwa unajifukiza. Nilitoka kwangu Lizaboni na majani ya mkaratusi, wewe ukaongeza mchaichai na malimau, chungu kikachemka. Tukamkalisha kwenye kigoda uani, chungu miguuni, tukamfunika lile blanketi zito la kahawia. Alikuwa na tabia ya kutoka kabla mvuke haujamwingia, nawe ukalalamika kwamba kuni zinakwisha bure. Ndiyo maana nilikalia pindo upande mmoja na kushika upande wa pili.

Akaanza kelele zake. "Wewe Myao, nitakutoa meno nikitoka humu." Majirani wakacheka. Wewe ulikuwa jikoni, ukacheka, ukasema, "Mbane huyo, asitoroke." Nikambana. Baadaye akasema, "Alfani, nifungulie, nakufa." Nikamjibu, "Kufa basi, Mngoni, nikuzike nile jogoo wako." Si tumeambiana hivyo miaka yote? Nilipovunjika mguu alinifuata hospitali na futi yake ya useremala, akanipima urefu mbele ya manesi, akasema jeneza langu ameshaanza kulipiga randa. Sasa ningejuaje, shemeji? Alirusha teke, nikashika vizuri zaidi. Aliponyamaza nikajua amezoea.

La makaburini ndilo limeniponza. Waliruhusu watu kumi tu kwa ajili ya ugonjwa, na nusu yao walikuwa watu wa serikali waliokuja kusimamia. Mtani haachi kazi yake kwa sababu watu ni wachache. Nililala shimoni kama desturi, nikasema, "Huyu nimemuua mimi mwenyewe, na hashuki mpaka nipewe jogoo." Mwaka mwingine watu wangejaa, wangecheka na kulia pamoja, na mtu angenirushia kuku. Siku ile alikuwapo polisi kijana, mgeni wa mkoa, akatoa kalamu. Maneno hayo ndiyo kesi. Wanasema nimekiri.

Kwa kosa hili hukumu ni kunyongwa. Mke wangu Mwamvua yuko Nalasi na watoto, anahangaika na mikorosho peke yake. Wewe ukisimama ukasema yale yalikuwa maneno ya utani, nitatoka. Mimi nikiulizwa nitaeleza yote, na nitasema kwamba hata mke wa marehemu alicheka akaniambia nimbane. Hilo sijamweleza wakili bado. Ni kijana mzuri, Bwana Rupert, nimepewa na serikali. Nitamweleza akija.

Shemeji yako na mtani wako,
Alfani


Mfaranyaki
30 Juni 2021

Kwako Alfani,

Barua yako ndefu kama msiba wa tajiri. Wayao mkipewa kalamu hamjui pa kutua.

Nimefurahi kuona unakumbuka vizuri. Umeandika neno kwa neno, hata yale aliyosema Kajetani umeyaweka sawasawa. Sikutegemea.

Lakini hilo la jikoni uliache. Ndugu wa Kajetani wananitazama kwa jicho la pembeni tangu msiba. Nyumba wanaitaka, na watoto wanawataka, wanachokosa ni sababu. Wakisikia mahakamani kwamba mume wangu alikuwa anakata roho na mimi nacheka na kusema abanwe, nitalala barabarani siku hiyohiyo. Wewe ulimpenda Kajetani. Usimharibie mke wake. Sema ulimbana kwa akili yako mwenyewe, na mimi nitasema kwamba mlikuwa watani. Neno la utani likitoka kwako litaonekana kisingizio. Likitoka kwa mjane litakuwa na uzito.

Sasa sikia juu ya wazee wa baraza. Wa kwanza ni Mama Aurelia, nesi mstaafu. Wa pili ni Mzee Thadei, aliyekuwa katekista, Mngoni wa kuzaliwa, utani anaujua kuliko sala. Wa tatu ni Mzee Bashiru wa Lizaboni, Myao mwenzako kutoka Tunduru. Siku ya kwanza jaji atakuuliza kama una pingamizi na mzee yeyote. Mkatae Bashiru.

Najua utashangaa. Fikiri. Bashiru akisema huna hatia, watu watasema Myao amemwokoa Myao, na jaji hatayatia maanani maneno yake. Thadei ni Mngoni. Thadei akisema huna hatia, nani atabisha? Tena ukimkataa mtu wa kwenu, wataona huogopi haki. Na mzee mwenyewe anakohoa, wenzake wamekwishaanza kumkwepa.

Choma barua hii ukimaliza. Kama hamruhusiwi moto, itafune, si ndivyo mnavyokula huko.

Mke wa Kajetani,
Skolastika


Mahabusu, Songea
8 Julai 2021

Kwa shemeji yangu Mngoni, mwenye nyumba inayogombewa,

Wallahi sitalitaja. Lala usingizi. Laiti ningejua ndugu zake wamekuwa hivyo, nisingeandika hata kwenye barua. Barua nimeitafuna kweli, na ilikuwa na chumvi kuliko maharage yao.

Wakili amekuja. Tuliongea dirishani, yeye na barakoa mbili, kila neno analirudia. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwapo uani au karibu, aliyesema lolote. Nikasema hapana, mke wa marehemu alikuwa jikoni na hakusikia vizuri. Akauliza mara ya pili, nikarudia hivyohivyo. Uongo ni dhambi, lakini kumsitiri mjane nako Mungu anakuona.

Alipojua kwamba tunaandikiana alikasirika sana. Alisema shahidi wa serikali haandikiani na mshtakiwa, na kwamba nitajinyonga kabla hawajaninyonga. Nikamwambia yule si shahidi, ni mtani. Na juu ya Mzee Bashiru alisema nikimkataa nitakuwa nimepoteza mtu pekee anayejua Myao anatania vipi. Hapo kidogo nimesita. Lakini wewe uko mjini, unawasikia watu, na yeye amekuja juzi tu kutoka chuo. Nitafanya ulivyosema.

Afande Saimon bado ananisumbua. Safari hii aliniuliza, "Huyu mama ni rafiki yako au anakutaka roho?" Nilicheka mpaka nikakohoa, na humu ukikohoa wenzako wanakuhama.

Shemeji, nataka kukuuliza jambo moja bila utani, na unijibu bila utani. Siku za kunyolewa, wembe ukifika shingoni naacha kupumua. Naogopa. Nimemzika mtu niliyempenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na wanasema mimi ndiye niliyemuua kwa makusudi. Moyoni mwako, wewe unaniamini?

Alfani


Mfaranyaki
17 Julai 2021

Kwako Alfani,

Unauliza kama nakuamini. Nakuamini kama mtu anavyomwamini nyoka aliyemkuta ndani ya blanketi lake. Nimeamka na wewe, nimelala na wewe, mwaka mzima. Ukitoka humo ukiwa hai mimi nitakuwa sijafanya kazi yangu. Kwa mikono yangu hii nitakuzika, na jogoo nitamla na manyoya yake.

Hayo ndiyo majibu yangu, na uliomba nijibu bila utani. Umecheka? Natumaini umecheka. Na huyo afande naye acheke kidogo, maisha ni mafupi.

Tuje kwenye kazi. Jumatatu ya kikao mtaingizwa mmoja mmoja, mtanawa mikono, mtapewa barakoa. Wewe utakuwa kizimbani, mimi mbele yako, mbali kidogo. Wazee wa baraza watakuwa upande wa jaji, kila mmoja na kiti chake. Wakili wa serikali atanitaka nieleze Kajetani alivyokufa. Nitaeleza yote polepole. Halafu nitaigiza sauti yake. Unaikumbuka ile ninayoigiza kwenye sherehe, watu wakashika mbavu? Ndiyo hiyohiyo. Nitasema, "Alfani, nifungulie, nakufa."

Nikifika hapo, ucheke. Ucheke kwa sauti, maana barakoa inaficha meno, na usipotoa sauti wazee hawatajua. Wakikuona umeinamisha kichwa watasema huyu anajua alichokifanya. Wakikusikia unacheka, watajua kwamba mambo haya kwenu yalikuwa kicheko tangu zamani. Mzee Thadei ataelewa mara moja, na atawaeleza wengine.

Usinitazame kutafuta kama natabasamu. Sitatabasamu. Lazima nikae na uso wa mjane, la sivyo wakili wa serikali atasema umeninunua. Hata nikilia, wewe cheka. Kulia ni kazi ya mjane, kucheka ni kazi ya mtani.

Usiniandikie tena mpaka kesi ipite.

Mke wa Kajetani,
Skolastika


Mahabusu, Songea
26 Julai 2021

Kwa shemeji yangu Mngoni, mwalimu wa kucheka,

Najua umesema nisiandike. Hii ni fupi.

Nilicheka sana kwa habari ya nyoka. Ulipouliza kama nimecheka, nilikuwa nimekwishacheka. Ndipo nikajua uko upande wangu, kwa sababu adui hawezi kutukana vizuri namna hiyo.

Nafanya mazoezi. Wenzangu nimewaambia waseme "nifungulie, nakufa" nami nacheka, na sasa chumba kizima wanasema, hata yule mzee wa kesi ya ng'ombe. Kuna wakati inanitoka vizuri. Kuna wakati nasikia kama ni Kajetani mwenyewe anayesema, na kicheko kinakwama kooni. Nitajitahidi siku hiyo kisikwame.

Mwamvua atakuja kutoka Nalasi. Mkiwa nje ya mahakama, tafadhali mkalishe karibu nawe, hana mwenyeji.

Mtani wako,
Alfani


Mahabusu, Songea
14 Agosti 2021

Kwa shemeji Skolastika,

Nimecheka kama ulivyosema.

Sijui nianzie wapi. Bashiru nilimkataa. Aliinuka, akachukua bakora yake, akatoka, wakamweka mstaafu mmoja wa posta aliyehamia huku kutoka Bukoba. Wakili aliweka kichwa mikononi. Nikajiambia subiri tu kijana, utaona.

Ukaingia. Ulieleza vizuri, shemeji, mpaka mimi mwenyewe niliona moshi wa jikoni. Ulipoigiza sauti yake nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kutoka tumboni, kama kwenye mazoezi. Jaji akaweka kalamu chini. Mama Aurelia akageuza uso ukutani. Wewe ukaanza kulia, mabega yakatikisika, nikakumbuka ulivyoandika kwamba hata ukilia nicheke, basi nikaendelea. Nikakuangalia machoni, juu ya barakoa, nikitafuta ile alama ndogo ya utani ambayo naijua. Sikuiona, na nilijiambia kwamba umejificha vizuri.

Kisha Mzee Thadei akaomba kuuliza. "Mama, hawa wawili walikuwa watani?" Ukasema, "Walikuwa watani." Moyo wangu ukatulia. Akauliza, "Siku zote marehemu alikuwa anamwitaje mshtakiwa?" Ukasema, "Alikuwa anamwita Myao. Kwa jina hakuwahi, labda wakiwa na jambo zito." Akauliza, "Na siku hiyo, ndani ya blanketi, alimwitaje?" Ukasema, "Kwanza alimwita Myao. Mwishoni alimwita Alfani."

Thadei akavua miwani.

Shemeji, lile la jina sikulifikiria. Nimelifikiria sasa, usiku na mchana, na ni kweli. Aliniita kwa jina. Nilikuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu, na bado sikuliona. Lakini wewe unajua kwamba sikulisikia hivyo. Wewe ndiwe unayejua.

Wazee walitoa maoni jana. Mama Aurelia amesema nina hatia ya kuua kwa kukusudia. Yule wa Bukoba naye vilevile. Thadei alisema angeweza kuamini kwamba nilikosea. Alisema mtani akikuita kwa jina lako, utani umesimama, lakini binadamu anaweza kuchelewa kusikia. Akasema hawezi kuamini hivyo juu ya mtu anayemcheka mjane usoni, maana kama alicheka leo, basi na siku ile alijua anachokicheka. Hata yeye amesema kwa kukusudia.

Jaji hafungwi na maoni yao, bado anaandika hukumu. Nenda kwake au kwa wakili, uwaeleze kwamba wewe ndiwe uliyeniambia nicheke. Barua zako sina, nilizitafuna zote kama ulivyoagiza kwenye ile ya pili. Afande Saimon alizisoma, lakini amehamishiwa mkoa mwingine. Nimebaki na wewe.

La jikoni sikulisema. Waliniuliza, nikakaa kimya.

Alfani


Mahabusu, Songea
27 Agosti 2021

Shemeji,

Jaji amesoma. Ni kunyongwa. Ameandika kwamba kicheko changu mahakamani kimemsaidia kuona nia niliyokuwa nayo uani.

Wakili amekata rufaa. Anasema ukienda kuapa kwamba barua zilikuwapo, kuna nafasi. Nitahamishwa wiki hii au ijayo, sijui wapi. Mwamvua amesema ulimkalisha karibu nawe ukampa maji. Ahsante kwa hilo.

Nijibu. Hata kwa tusi, nijibu.

Alfani


Mfaranyaki
2 Septemba 2021

Myao,

Nimepata barua zako zote mbili. Sitakwenda kwa wakili na sitaapa popote. Wakija kuniuliza juu ya barua, nitasema mtu aliyehukumiwa kunyongwa husema mengi.

Mwamvua ni mwanamke mzuri. Alinishika mkono, akaniambia pole kwa kufiwa, na hakujua kwamba nilikuwa naangalia jinsi atakavyokaa yeye akifiwa. Nilimpa maji kwa sababu alikuwa na kiu.

Nakuchukia. Nimeona nikuandikie wazi, maana wewe mambo yaliyofunikwa huyajui. Nilianza kukuchukia makaburini, ulipolala kwenye shimo la mume wangu ukadai jogoo, na mimi nikalazimika kutabasamu kwa sababu ni desturi. Kajetani nilimwosha mimi. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuparura blanketi. Seremala, mtu mwenye mikono migumu kama gome, na bado vilichubuka. Wewe ulikuwa umekalia pindo.

Ndiyo, niliposema abanwe nilicheka. Alikuwa bado anakuita Myao. Aliposema Alfani, kisu cha vitunguu kilisimama mkononi mwangu. Nikangoja ufungue. Nilisema moyoni, huyu ni mtani wake, amesikia, atafungua sasa hivi. Ulikuwa karibu naye kuliko mimi. Nilingoja, wewe ukasema habari za jogoo, na mimi nikaendelea kukata vitunguu kwa sababu nilikuamini. Hayo hakuna atakayeyasikia mahakamani, kwa sababu uliapa na umetunza kiapo chako. Nakushukuru. Nyumba ninayo na watoto ninao.

Sikukudanganya hata mara moja. Nilisema nitasema mlikuwa watani, na nilisema. Uliniuliza kama nakuamini, nikakujibu kwamba wewe ni nyoka na nitakuzika kwa mikono yangu, tena nikakukumbusha kwamba uliomba jibu bila utani. Afande wa watu, mgeni asiyejua lolote, alielewa. Wewe ulicheka.

Unaniuliza ungejuaje kwamba Kajetani hakuwa anatania. Nami nakuuliza, ulijuaje kwamba mimi natania? Rudisha kichwa chako kwenye barua zangu, ulizozitafuna. Kila moja nilianza na jina lako. Kwako Alfani. Kwako Alfani. Kwako Alfani. Umenijua tangu naolewa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukuita kwa jina hata siku moja. Nilikuita kwa jina barua tatu, kama yeye alivyokuita, na hukufungua.

Leo ndiyo mara ya kwanza nakutania tangu afe. Kufa basi, Myao, nikuzike nile jogoo wako.

Mtani wako,
Skolastika